Leakey alivyosoma tope la Nakuru, na tope lilivyomsahihisha

Ukiabiri matatu Nairobi ukielekea Nakuru, usilale ukishapita Gilgil. Wengi hutoa simu hapo kupiga picha Ziwa Elmenteita likiwa limelala chini bondeni. Piga yako pia, hakuna ubaya. Kisha geuza shingo uangalie upande wa pili, kule Kariandusi, ambako ardhi imechimbwa na ndani yake ni peupe pepepe, kama mtu amemwaga magunia ya unga wa ugali. Mimi nilipita hapo miaka mingi nikidhani ni mambo ya saruji.

Si saruji wala chokaa. Ni sakafu ya ziwa.

Yaani hapo juu, mahali pakavu penye miiba na mbuzi, palikuwa chini ya maji. Ule weupe ni maganda ya dayatomu, aina ya mwani mdogo sana usioonekana kwa macho matupu. Kila dayatomu hujijengea ganda gumu la kitu kama kioo. Ikifa, huzama, na ganda haliozi. Mwaka baada ya mwaka yanarundikana chini ya ziwa, mabilioni kwa mabilioni, hadi yanakuwa tabaka ambalo leo watu wanalichimba kwa sababu linafaa kuchujia vitu. Na katikati ya hizo sakafu za kale, msafara mmoja wa 1928 na 1929 ulikuta mashoka ya mawe ya watu walioishi ufukweni karibu miaka milioni moja iliyopita.

Kiongozi wa msafara huo alikuwa kijana wa miaka 25 hivi, mzaliwa wa Kabete. Jina lake Louis Leakey.

Jina unalijua. Shuleni ulifundishwa habari za fuvu la Olduvai, na huenda unamkumbuka mwanawe Richard, yule wa KWS. Lakini kabla ya Olduvai kulikuwa na Leakey wa Nakuru na Elmenteita, na huyu ndiye nataka tumzungumzie leo. Alikuwa kijana aliyeuliza maziwa swali zuri kabisa, akapata jibu, akaliandika vitabuni, ulimwengu ukalikubali. Halafu jibu lenyewe likawa si sahihi.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake walikuwa wamishonari wa Kianglikana waliokuja kuhubiri kwa Wakikuyu. Mtoto akakua akicheza na vijana wa rika lake, akajifunza kutega wanyama, akaongea Kikuyu kama lugha ya kwanza, akapashwa tohara pamoja na wenzake na kupewa jina Wakaruigi. Hadi uzeeni alikuwa akisema kwamba anafikiri kwa Kikuyu.

Akiwa kama miaka 12, alipewa kitabu cha hadithi kuhusu watu wa kale wa Uingereza na vifaa vyao vya mawe. Akatoka nje akaanza kuokota vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Ni obsidiani, jiwe la volkano, na ukienda maeneo ya Naivasha au Eburru utalikanyaga mpaka uchoke. Wazee waliviita nyembe za mizimu. Kijana akavibeba hadi kwa Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho ya Nairobi wakati huo. Loveridge hakumcheka. Alimthibitishia kwamba baadhi ni vifaa vilivyochongwa na binadamu. Basi, hapo mambo yakaisha. Ukimwona mtoto anajaza mifuko mawe, muache.

Cambridge alienda mwaka 1922. Alikishawishi chuo kikubali Kikuyu kama mojawapo ya lugha zake za mtihani, jambo ambalo hadi leo linanifurahisha. Mwaka uliofuata alipigwa teke la kichwa kwenye raga, akaumwa na kichwa vibaya hadi akaamriwa apumzishe masomo. Mapumziko yake? Alienda Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, kuchimba mifupa ya dinosaria. Huko ndiko alikojifunza kazi ya kuchimba kwa utaratibu. Aliporudi darasani alifuzu kwa alama za juu kabisa, na mwaka huohuo wa 1926 akarudi Kenya na pesa chache, rafiki mmoja wa chuo, na hamu ya kuchimba bonde lote.

Sasa tuje Nakuru.

Alipopiga kambi katikati ya Bonde la Ufa aliona kitu ambacho nawe unaweza kukiona ukiwa na subira. Miteremko inayozunguka Nakuru na Elmenteita ina mistari, kama ngazi zilizochongwa kandokando ya bonde. Hizo ni fukwe za zamani. Mawimbi yalikata mwamba, yakaacha changarawe iliyolainishwa na maji, kisha ziwa likashuka na kuziacha juu. Ufukwe wa juu kabisa uko karibu mita 180 juu ya usawa wa Ziwa Nakuru tunalolijua. Hebu fikiria. Ziwa ambalo leo ni la kina cha mita chache tu lilikuwa limeunganika na Elmenteita, maji yamefunika mahali ulipo mji, mtaa wako, stendi ya matatu, vyote.

Ukitaka kuelewa uzito wa jambo hilo, kumbuka jinsi ziwa hili linavyofanya kazi. Nakuru ni kama beseni lisilo na tundu. Mito Njoro, Makalia na Nderit inaingiza maji, lakini hakuna mto unaoyatoa. Maji huondoka kwa njia moja tu, kupaa angani kwa jua. Chumvi haipai. Inabaki, inajikusanya, na ndiyo sababu maji yana magadi makali yanayochoma macho. Mvua ikizidi, ziwa linapanda na magadi yanazimuliwa. Mvua ikikosa, linashuka na kuwa kali zaidi. Viumbe navyo hubadilika. Kuna dayatomu za maji matamu na kuna za maji ya magadi. Kuna konokono wasioweza kuishi Nakuru hata siku moja. Kila kinachokufa kinazama, kwa hivyo tope la chini linahifadhi kumbukumbu ya maji yalivyokuwa: matamu au makali, mengi au machache. Leakey alikuwa ameelewa kwamba ukitaka kujua binadamu wa kale aliishije, lazima kwanza ujue ziwa lake lilikuwa wapi.

Kwenye pango la Gamble, upande wa Elmenteita, alichimba matabaka yenye mawe ya obsidiani kwa maelfu, na chini kabisa ya yote akakuta changarawe ya ufukwe. Maana yake watu walihamia pale baada ya mawimbi kuondoka. Mtu na ziwa katika ukuta mmoja wa udongo. Ungekuwa wewe ungelala usiku huo?

Na hapa kuna jambo ambalo watu husahau. Mwaka huohuo wa 1929, mwanamke kijana aitwaye Penelope Jenkin alikuja kutoka Uingereza kuyapima maziwa hayahaya yakiwa hai, mengine ya maji matamu, mengine ya magadi. Leakey alikuwa akichimba sakafu zilizokauka, Jenkin alikuwa akichunguza ziwa lenyewe na viumbe wake.

Kazi ya aina hiyo ukiisikia utadhani ni rahisi. Unakaa kwenye mashua, unateremsha chupa iliyo wazi kwa kamba, kisha unaachilia uzito mdogo uteleze kwenye kamba na kuifunga chupa hukohuko chini, ili upate maji ya chini peke yake bila kuchanganyika na ya juu. Kwa tope unateremsha kitu kama taya mbili za chuma zinazofumba na kuuma sakafu. Ukilipandisha, unalichekecha kwenye wavu na kuhesabu wanyama mmojammoja: viluwiluwi wa vijinzi wanaoishi ndani ya tope, minyoo, vidudu vingine. Tofauti ya maji ya juu na ya chini yanayogusa tope inaweza kuwa kubwa ajabu. Juu kuna hewa ya oksijeni tele, na chini, tope linapooza, hewa inaliwa yote na kinabaki kile kinachonuka kama yai bovu. Ukikosea ukachukua maji nusu mita tu juu zaidi, umepima dunia nyingine.

Jenkin baadaye alifanya kazi na wanasayansi wa maji matamu kwenye Ziwa Windermere, Uingereza, ambako mhandisi B. M. Jenkin alibuni bomba la kuchota tope pamoja na maji yaliyo juu yake bila kuvuruga mpaka wa viwili hivyo. Na mwaka 1957 akatoa utafiti mrefu kuhusu midomo ya heroe, hao flamingo wetu. Akaonyesha kwamba heroe mdogo huchuja mwani wa juu ya maji, ilhali heroe mkubwa huzamisha kichwa na kuchuja vidudu vya topeni. Kwa hivyo ukiwaona wawili hao ziwani pamoja, wala hawagombanii chakula. Mmoja anakula ghorofa ya juu, mwingine ghorofa ya chini.

Turudi kwa Leakey. Alikuwa na ngazi zake za fukwe na matabaka yake, na alihitaji kujua umri wake. Tatizo ni kwamba mwaka 1929 hakukuwa na njia ya kupima umri wa tope. Hakukuwa na saa. Kwa hivyo akafanya walichofanya wengine wa wakati wake, kama Wayland wa Uganda na Nilsson wa Uswidi: akaazima saa ya Ulaya. Ulaya ilijulikana kuwa na enzi za barafu, baridi kali iliyokuja na kuondoka mara kadhaa. Wazo likawa kwamba kila barafu iliposhuka Ulaya, mvua kubwa ilinyesha Afrika na maziwa yakapanda. Barafu huko, mafuriko huku. Zikaitwa enzi za mvua, na zikapewa majina, mengi kutoka bondeni mwetu. Enzi ya Kamasia, kwa jina la vilima vya Tugen. Enzi ya Gamble, kwa jina la lile pango. Kipindi cha Makalia, kwa jina la kale ka mto unakoona ukiingia mbugani. Na kipindi cha Nakuru.

Kongamano kubwa la kwanza la wanahistoria ya kale wa Afrika nzima lilipofanyika Nairobi mwaka 1947, na mwandalizi wake akiwa Leakey mwenyewe, majina hayo yalikuwa lugha rasmi. Mtu akichimba mbali kabisa na Kenya aliweza kuandika kwamba jiwe lake ni la kipindi cha Makalia. Kijito cha Nakuru kikawa kipimo cha bara zima. Si mchezo.

Lakini alikuwa na udhaifu: haraka. Aliruka kutoka ushahidi hadi hitimisho kama mtu anayeruka mtaro gizani. Mwaka 1932, kule Kanam karibu na Ziwa Victoria, mfanyakazi wake Juma Gitau alipata kipande cha taya kwenye matabaka ya ziwa la kale. Leakey akatangaza kwamba ni la binadamu wa kale mno. Mwaka 1935 profesa wa jiolojia, Boswell, akasafiri kutoka Uingereza aonyeshwe mahali lilipotoka. Leakey hakuweza kumwonyesha! Vigingi vya chuma alivyopigilia vilikuwa vimeng'olewa, na picha aliyokuwa nayo ilikuwa ya mahali pengine. Boswell akaandika hayo hadharani, na sifa ya Leakey ikaanguka. Sampuli isiyo na mahali pake ni kipande tu cha mfupa mkononi.

Wakati huohuo nyumbani kwake mambo yalikuwa yamechafuka. Alikuwa amemwacha mkewe Frida na watoto wawili wadogo, akaishi na Mary Nicol, mchoraji na mchimbaji hodari, na kumwoa mwaka 1936. Cambridge ilimfungia milango. Nakuru lakini ilimfungulia Mary: mwaka 1937 na 1938 alichimba Hyrax Hill pale nje ya mji, na kwa maoni yangu alikuwa mchimbaji makini kuliko mumewe. Pembeni yao alikuwapo Heselon Mukiri, aliyeanza kazi na Louis katika miaka ya 1920 na ambaye vitabu humtaja kwa mstari mmoja tu.

Kuna sehemu nyingine ambayo haifai kurukwa. Kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake ilipoanza Kapenguria mwishoni mwa 1952, mkalimani wa mahakama alikuwa Leakey, mtu aliyekuwa ameandika kitabu cha kuipinga Mau Mau. Mawakili wa upande wa utetezi walilalamika kwamba anaegemea upande mmoja, naye akajiondoa. Kijana aliyekua na rika lake Kabete alikuwa amekaa upande wa serikali ya mkoloni, na wengi hawakumsamehe.

Halafu ikaja bahati kubwa. Tarehe 17 Julai 1959, Mary aliona fuvu Olduvai. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya mahali pale yakapimwa kwa njia mpya, na umri ukatoka: miaka milioni 1.75. Leakey akawa maarufu duniani. Akamtuma Jane Goodall kwa sokwe wa Gombe, akazunguka Marekani akihutubia kumbi zilizojaa.

Hiyo njia mpya ya kupima ndiyo habari yenyewe. Saa ilikuwa imepatikana. Na ikiwa saa ipo, basi hata tope la Nakuru litaulizwa umri wake.

Tayari mwishoni mwa miaka ya 1950, Flint wa Marekani na Cooke wa Afrika Kusini walikuwa wameonyesha mashaka. Bonde la Ufa halitulii, walisema. Ardhi inapasuka, inazama upande mmoja na kuinuka mwingine, kwa hivyo sakafu ya ziwa iliyo juu kilimani huenda iliinuliwa na ardhi, wala si mvua. Kisha kaboni ikaingia kazini, ile njia ya kupima mabaki ya viumbe. Celia Washbourn, ambaye baadaye alijulikana kama Washbourn-Kamau, alifuata fukwe za Nakuru na Elmenteita mguu kwa mguu. Kule Naivasha, watafiti wawili wa jina Richardson walisukuma bomba chini ya ziwa na kupandisha mnara wa tope, wakahesabu dayatomu tabaka baada ya tabaka.

Majibu yalikuja yakipingana na vitabu. Ziwa kubwa la Nakuru na Elmenteita lilifika juu kama miaka 10,000 hadi 9,000 iliyopita, wakati barafu ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuyeyuka kwa sehemu kubwa. Barafu ilipokuwa kali zaidi, kama miaka 20,000 iliyopita, Afrika Mashariki ilikuwa kavu. Yaani kinyume. Naivasha nayo, kama miaka 3,000 iliyopita, ilikauka. Wale watu wa pango la Gamble, ambao Leakey aliwaweka zamani sana, walikuwa wa miaka 8,000 na kitu. Majina ya Kamasia, Gamble, Makalia na Nakuru yakaondolewa kwenye vitabu kimyakimya.

Matokeo makuu ya tope la Naivasha, na ya umri wa maziwa ya Afrika Mashariki kwa jumla, yalichapishwa mwaka 1972. Tarehe 1 Oktoba ya mwaka huo Louis Leakey alifariki London kwa ugonjwa wa moyo. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake.

Mtu akikuuliza kama basi alipoteza muda wake, mwambie hapana. Fukwe alizoziona zipo. Ziwa kubwa alilolisema lilikuwapo. Alichokosea ni saa, na aliikosea kwa sababu aliona barafu ya mbali kuwa na mamlaka zaidi kuliko tope la hapa.

Na ziwa halijamaliza. Katikati ya miaka ya 1990 Nakuru lilikauka karibu lote, upepo ukawa unapuliza vumbi la magadi hadi mjini. Tangu 2010 hivi limepanda tena, likameza lango na ofisi za mbuga, likaingia kwenye nyumba za watu Mwariki. Maji yakizidi magadi yanazimuliwa, mwani wa heroe unapungua, na heroe wanahamia kwingine. Chini, kwenye tope, tabaka jipya linaandikwa saa hii unaposoma.

Ukiwa na Jumamosi moja bila shughuli, panda matatu ya kwenda Hyrax Hill. Kilima hicho kiliwahi kuwa rasi iliyozungukwa na maji. Simama juu, tafuta ziwa kwa macho, ulione linavyometa kule mbali nyuma ya mabati ya mji. Kisha shuka hadi chini ya kilima na uangalie mawe yaliyo karibu na viatu vyako.